Familia ya Mzee: ploti ya Mtwapa

Da Kadzo: Mama shikamoo, na nyinyi wengine hamjambo. Jana nimetoka kwa wakili usiku sikulala. Baba alituacha Mei 2024 so ikifika Mei 2026 miaka miwili imetimia, na sheria inasema mali ya marehemu ikiuzwa ama ikihamishwa kwa ajili ya mirathi ndani ya hiyo miaka miwili hailipiwi kodi ya faida. Ikipita ni mpaka KRA, watu wa kodi, watuongezee muda kwa maandishi. Tafadhali msininyamazie

Katana: Da si tulikubaliana tungoje barabara iishe bei ipande

Da Kadzo: Ipande sawa lakini piga hesabu. Baba alinunua elfu 80 mwaka wa 1996, huyu mnunuzi anatoa milioni 4.5, kodi ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, zamani ilikuwa 5. Wakili kanihesabia 663,000!! Na granti, ile hati ya korti ya kusimamia mirathi, ilithibitishwa Agosti, hatuna kesi, hakuna kinachotuzuia ila sisi wenyewe

Dzombo (Doha): Mimi lazima nije kusaini?

Da Kadzo: La, wasimamizi ni mimi na mama. Wewe ulishasaini kukubali mgawanyo

Mama: 🎤 0:52

Da Kadzo: Kwa ambao hawajaweza kufungua, mama anasema fungu lake hataki kuletewa nyumbani, pesa ya mkononi italeta wageni mlangoni. Anataka kitu kimpe hela ya dawa na ya maziwa bila kutupigia simu mwisho wa mwezi. Jamani hilo limenichoma

Katana: Tumuwekee MMF basi, ule mfuko wa pamoja wa uwekezaji, anatoa siku anayotaka

Da Kadzo: Kidogo iwe huko ya dharura ndio, ila faida ya MMF inakatwa asilimia 15. Kubwa tumnunulie bondi ya miundombinu ya serikali, yaani anaikopesha serikali, riba yake haikatwi kodi, inaingia kila miezi sita. Zile asilimia 18 za Februari 2024 zimepita tusimdanganye mama, lakini hata ikiwa chini ya hapo yote ni yake. Akaunti inafunguliwa Central Bank kwa simu, app yao ya DhowCSD, nitakaa naye mwenyewe

Dzombo (Doha): Na akitaka pesa yote kabla ya muda?

Da Kadzo: Atauza sokoni kwa bei ya siku hiyo, anaweza kupata pungufu. Ndio maana nasema ya dharura ikae kando

Da Kadzo: Lingine Katana, wewe uko kwa kazi ya mshahara. Pesheni sasa unaweza kuchanga mpaka 30,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa kodi, ilikuwa 20,000. Ongeza hata kidogo. Na uangalie fomu yako ya mrithi LEO. Ya baba ilikuwa na jina la nyanya aliyefariki 2003!! Pesheni haiingii kwa mirathi, wadhamini ndio hulipa, na wao wakaanza kuuliza huyu nani yule nani, mama kakaa kwa benchi miezi saba, kitambulisho cha baba amekifunga pembe ya leso, kila akiitwa anakifungua fundo anakifunga tena. Sitaki kumuona mke wako hivyo

Katana: Nimeiangalia sa hii. Nimeandika jina la mama, ya 2011, kabla sijaoa

Katana: Watoto hawamo hata mmoja. Jumatatu naenda HR

Dzombo (Doha): Mimi nakubali iuzwe

Katana: Nami. Iuzeni

Mama: Kadzo mwambie huyo mtu asikate mwembe ngowe mpaka nije nichukue kokwa baba yenu ndie aliupanda