Haiflo, CPAP au maski ya mfuko kwa nimonia kali ya korona?

sista_wa_zamu:
Wakuu habari za usiku. Hospitali yetu ya wilaya tumeletewa haiflo moja (mashine ya kupitisha oksijeni nyingi kwa kasi puani), CPAP tunazo mbili (ile maski ya kubana inayosukuma hewa kwa presha). Mgonjwa wa korona anaingia SPO2 (kipimo cha oksijeni kwenye damu) asilimia 82, maski ya mfuko ya oksijeni lita 15 kwa dakika inamfikisha 88 basi hapandi tena, dokta huyu anasema haiflo yule anasema CPAP, mimi nimesimama hapo na maski mkononi. Tushike ipi? ICU ni mwendo wa saa nne.

Dk_Kijijini:
Pole sista. Waingereza walizipambanisha, utafiti wa RECOVERY-RS, ulitoka 2022. Waliofariki au kuwekewa mrija kooni ndani ya siku 30: wa CPAP 36%, oksijeni ya kawaida 44%. Haiflo ikatoka sare na oksijeni ya kawaida. Ila angalia, kilichopungua ni kuwekewa mrija, kwenye vifo tofauti haikuwa ya wazi. Mi ningeanza na CPAP.

fundi_mitungi:
Mi niongelee mitungi maana madokta huwa hamtuulizi mpaka iishe. Mtungi mkubwa ukijaa ni kama lita 6,800. Haiflo ya lita 60 kwa dakika, oksijeni tupu, mtungi haufikishi saa mbili!! Maski ya lita 15 inaenda saa saba na nusu. Na msije mkasema mtaunga konsentreta (mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani), nyingi mwisho wake lita 10 kwa dakika.

sista_wa_zamu:
Duh, kwa hiyo ndo maana juzi tulibadilisha mtungi usiku kucha. Sasa CPAP nayo wengine wanaing'oa, wanasema inawabana pua wanahisi kufa, unamfunga anavua.

Dk_Kijijini:
Anza na presha ndogo, kaa naye, mshikie maski kwa mkono kwanza kabla hujafunga mikanda. Akigoma kabisa haiflo ni sawa tu, wengi wanaivumilia na anaweza kula. Na mlaze kifudifudi kama anajigeuza mwenyewe, 2021 nchi 6 walijaribu kwa walio kwenye haiflo na waliohitaji mrija walipungua. Ila usiangalie SPO2 peke yake, hesabu pumzi, akianza kuchoka au kuchanganyikiwa piga simu ya rufaa hapohapo, saa nne ni nyingi.

fundi_mitungi:
Na mitungi ya kwenye gari la wagonjwa nayo mhesabu kabla hamjatoka.