Sikio limeshuka nusu toni tangu dozi ipande: nimwambie daktari wa akili au ninyamaze?

Kinanda_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nina baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), mwaka wa 4 sasa, natumia Tegretol, dawa ya kuzituliza. Tarehe 3 mwezi huu daktari alinipandisha kutoka miligramu 200 asubuhi na jioni hadi 400 asubuhi na jioni. Imenisaidia. Usingizi umerudi, na mke wangu ameacha kunichunga kama maziwa yaliyo jikoni.

Shida ni moja. Tarehe 9, mazoezi ya kwaya, nabonyeza C inatoka B. Nikadhani vijana wamechezea kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha na kushusha noti zote. Nakagua, kipo sifuri. Nikapandisha moja ili nisikie sawasawa, kwaya nzima ikapiga kelele, soprano wakalalamika nawapasua koo. Nyumbani nikapakua programu ya kupimia noti: simu inasema C, sikio langu linasema B. Kengele ya kanisa, mlio wa simu, muziki wa redioni, vyote vimeshuka nusu toni. Watu wakiongea nawasikia kama kawaida.

Kliniki ni tarehe 30. Nimewaza kumwambia daktari, nimewaza kunyamaza nione kama litajiondokea, nimewaza kupunguza vidonge mwenyewe kimyakimya, nimewaza kuuliza duka la dawa kwanza. Kinachonitisha mnakijua. Sisi tukishasema "nasikia...", sentensi haijaisha kalamu imeshaanza kukimbia.

Bint_Kisauni

Pole sana ndugu yangu. Mimi namlea kakangu, mgonjwa ni yeye. Mara ya kwanza alipodungwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, siku ya pili shingo ikampinda upande, macho yakapanda juu, hawezi kuyateremsha. Nyanya akasema hilo ni jini limekasirishwa na sindano. Tukamfukiza ubani, tukamnywesha kombe, siku mbili nzima mtu analia kwa maumivu. Tuliporudi hospitali alidungwa sindano moja tu, na kabla ya nusu saa shingo imenyooka. Ilikuwa dawa ile ile, misuli imekaza.

Daktari hakutugombeza. Aliuliza tu, "Mbona hamkuja jana?" Swali hilo linaniuma hadi leo. Sema.

Kimya_Kingi

Mimi nitawaharibia raha. Nilisema, na nililipia.

Mwaka juzi nilimwambia daktari (sitaji hospitali) kwamba kuna sauti sikioni, inavuma kama nzi kwenye chupa. Foleni ndefu, wanafunzi watano wamesimama nyuma yake, dakika nne nikawa nimetoka. Kwenye faili wakaandika "anasikia sauti". Dozi ikapandishwa. Miezi mitatu nilikuwa natembea kama niliyevaa gunia la maji, duka langu likafungwa. Baadaye dada yangu akanipeleka kwa daktari wa masikio. Nta. Nta ya sikio, wakuu, ilitolewa kwa maji ya uvuguvugu!

Kaka, nyamaza hadi upate daktari wa masikio.

Mzee_wa_Besi

Samahani kucheka, lakini kwaya yetu imeshuka nusu toni tangu 2011 na hakuna aliyepelekwa kliniki.

Muuguzi_Dodoma

Nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi, naomba nikae hapa kidogo.

Kinanda, hilo lako lipo. Karbamazepini, yaani hiyo Tegretol, imeandikwa kwamba huweza kumfanya mtu asikie noti chini ya zilivyo, mara nyingi kwa nusu toni hivi. Ni nadra, na wanaoligundua zaidi ni wanamuziki. Mimi hapa naweza kuwa nalo na nisijue, maana naimba popote. Kwa kawaida huondoka dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa. Sijakutana nalo kwa mgonjwa wangu, kwa hiyo usishangae daktari wako naye akiwa hajakutana nalo.

Njia ya kupunguza mwenyewe naipinga kwa nguvu zote. Dawa hii ukiikata ghafla unaweza kupata degedege, na baipola inaweza kurudi na hasira ya kufukuzwa.

Kunyamaza kuna hatari nyingine. Leo ni noti, kesho inaweza kuwa dalili nyingine ya dawa kuzidi mwilini: kuona vitu viwiliviwili, kuyumba, kutapika. Ukishazoea kuficha dogo, kubwa nalo utalificha. Tena ukiona upele, hasa ukiambatana na homa au vidonda mdomoni na machoni, hapo hakuna kusubiri tarehe 30 wala kesho. Nenda siku hiyo hiyo.

Nikuulize: kuna dawa nyingine umemeza karibuni, hasa erithromisini, ile antibiotiki? Hiyo hupandisha Tegretol kwenye damu. Na kwa usiku mmoja unalala kwa muda wa saa ngapi? Usikasirike, nataka tuwe na uhakika si ugonjwa wenyewe unaokuja kwa mlango wa muziki.

Kinanda_Tanga

Dada, sijakasirika. Nalala kwa muda wa saa 7 kamili, sijameza kingine zaidi ya panado. Sina mipango ya kufungua studio saa nane za usiku (mwaka 2022 nilikuwa nayo, mnaonijua mnajua). Nikisimama haraka nayumba kidogo. Hilo nilikuwa silihesabu.

Dawa_na_Maji

Neno moja kuhusu duka la dawa, maana ndiyo fani yangu. Ukienda famasi yenye mfamasia, muulize, atakuambia kama dawa zako zinagombana. Lakini duka la dawa muhimu la mtaani, yule binti wa watu kafundishwa kuuza vitu maalumu na kujua vya kumtuma mgonjwa mbele. Tegretol yako si mzigo wake. Atakuambia "punguza kimoja uone", na atakuwa anasema kwa huruma.

Pia daktari au mfamasia anaweza kupeleka taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, wanapokea taarifa za madhara ya dawa. Jambo nadra kama hili hujulikana kwa watu kulisema.

Kimya_Kingi

Muuguzi, sikatai. Ila mimi niliponzwa na neno. "Sauti." Kwa daktari wa akili sauti ni mtu anayekusemesha. Kwa mwanakwaya sauti ni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Huyu ndugu akiingia na "daktari, nasikia sauti zimeshuka", kwisha habari yake.

Muuguzi_Dodoma

Hapo umesema kweli tupu, na pole kwa yaliyokupata. Wewe ulipaswa kuulizwa "sauti gani?" na hukuulizwa.

Kinanda, usianze na neno "nasikia". Anza na dozi. Andika kwenye karatasi, maana ukiingia mle ndani ulimi hukauka. Na usingoje tarehe 30. Ukiwa na namba ya kliniki kwenye kadi yako, piga kesho asubuhi, sema dozi mpya inakuletea mabadiliko na kizunguzungu.

Bint_Kisauni

Na uende na mkeo. Kakangu akisema peke yake huambiwa "tutaona". Nikiwa nimekaa kando naandika, huulizwa mambo mawili matatu ya ziada.

Kinanda_Tanga

Nimeandika hivi, nikosoeni: "Daktari, tangu tarehe 3 dozi ilipopanda nimepata vitu viwili. Nikisimama nayumba. Na kuanzia tarehe 9 noti za kinanda zinanijia chini kwa nusu toni kuliko simu inavyopima. Hakuna mtu anayenisemesha. Nalala kwa muda wa saa 7 kila usiku."

Kimya_Kingi

Hiyo hata mimi ningeenda nayo. Ongeza: "Sijapunguza dawa." Wanapenda kulisikia.

Kinanda_Tanga

Mrejesho. Nilipiga simu, wakanipa nafasi tarehe 16. Nilikwenda na mama watoto.

Daktari alisoma karatasi yote, akauliza kama kuna anayeniita jina langu. Nikasema hapana. Baada ya muda akauliza tena kwa njia nyingine, nikajibu tena, mke wangu naye akaulizwa. Zamani ningekasirika. Kisha akaniambia waziwazi hajawahi kuliona hili, akasoma kwenye kompyuta yake kimya kama dakika tano, na foleni nje inanung'unika. Mwisho akacheka kidogo: "Kumbe lipo."

Tumeshusha: 200 asubuhi, 400 jioni. Damu wamechukua, wanaangalia kiasi cha dawa na chumvi ya mwilini. Narudi baada ya wiki 2, na nimeambiwa nikianza kukosa usingizi nisingoje.

Leo ni siku ya sita. Kizunguzungu kimeisha. C bado haijafika C, iko njiani, katikati ya mahali na mahali. Jumapili nacheza kwa macho, navitazama vidole badala ya kulisikiliza sikio, na soprano hawajalalamika. Mzee wa Besi, kwaya yenu ileteni mwaka huu, sasa hivi kwangu mtasikika vizuri.