Nahamia Marseille, kazi yangu ni ya mtandaoni

Mama Zuhura: Jamani, mwajiri wangu yuko Dar, mimi nahamia Marseille, Ufaransa. Saa za kazi zitakaaje?

Mkaazi wa Joliette: Karibu sana dada. Saa hazisumbui: majira ya joto Dar iko mbele saa 1, ya baridi saa 2. Kinachosumbua ni mistral, upepo wa kaskazini. Ukivuma, madirisha mabovu yanagongagonga kutwa na kikao cha simu hakisikilizani. Kagua madirisha kabla hujasaini mkataba wa nyumba! Sokoni nenda Noailles, mihogo na bamia vipo. Wangazija wamejaa hapa, hutakuwa mpweke.

Kijana wa Tanga: Na viza?

Mkaazi wa Joliette: Ya muda mrefu, iombe ukiwa nyumbani. Ukishafika, nyingi inabidi uzithibitishe mwenyewe mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu uingie Ufaransa. Usichelewe, tafadhali.