Mrejesho: Kompyuta ya Linux iliyokwama kwenye initramfs sasa inawaka

Nawashukuru nyote mliojibu nilipoeleza kwamba kompyuta yangu, baada ya umeme kukatika ghafla, iliishia kwenye initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuanzishia Linux) kila nilipoiwasha. Amri ya fsck -y /dev/sda2, ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, haikufua dafu, kwani ilidai kuwa supabloku (sehemu yenye taarifa kuu za mfumo huo wa faili) imeharibika. Ndipo nikafuata ushauri wa kutumia nakala yake ya akiba kwa e2fsck -y -b 32768 /dev/sda2 (bloku zangu ni za baiti 4096, hivyo nakala hiyo iko kwenye bloku 32768), na mfumo ukawaka. Hata hivyo, baadhi ya picha zimeishia kwenye folda ya lost+found, panapowekwa faili zilizookolewa, zikiwa na namba badala ya majina, na mbili hazifunguki kabisa. Aliyenihimiza kunakili diski nzima kwanza alikuwa sahihi, sikumsikiliza. Smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, inaonyesha sekta 8 zenye hitilafu, hivyo diski nitaibadilisha.