Jukwaa likianguka, ukiruka mwishoni unapona?

Fundi wa Njiro: Wakuu, mimi ni fundi rangi hapa Arusha. Jana tukila wali maharage, kijana wangu wa kazi kaniambia jukwaa likianguka atasubiri likaribie chini, kisha aruke. Nimemkatalia ila sina hesabu ya kumpa. Mwaka juzi mrunda, nguzo ya mti inayobeba jukwaa, ulikatika nikiwa juu. Nilisikia "ka!", nikajikuta kwenye mchanga, mkono umevunjika, brashi bado nimeishika. Huo muda wa kuruka angeupata wapi?

Mwalimu, Moshi: Pole sana kaka. Ukianguka mita 12 unafika chini kwa sekunde moja na nusu tu, kasi karibu kilomita 55 kwa saa. Kuruka kwa nguvu zote kunapunguza kama 10. Zinabaki 45, sawa na kugongwa na bodaboda. Na hizo 10 ni ukiwa na kitu kizito cha kukanyaga. Ubao unaoanguka pamoja nawe utausukuma wenyewe chini, wewe hupandi.

Mama Neema: Na lifti je? Mimi huziogopa.

Mwalimu, Moshi: Dada, lifti zina breki za kushika reli kamba ikikatika. Mvumbuzi Mmarekani Elisha Otis alizionyesha New York mwaka 1854. Panda tu.

Fundi wa Njiro: Asante mwalimu. Kesho namwonyesha hizo 45 kabla hajapanda. Mkanda wa usalama ninao mmoja, atavaa yeye. Mwenye kujua bei ya mwingine pale soko la Kilombero aniambie.