Tupeane uzoefu: Siku uliyotenga mpira na hakuna aliyeruka

Seta wa Tanga (ameanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza kusoma Haikyuu!! kwa mara ya tatu. Kwa asiyeijua, ni manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya mpira wa wavu, kazi ya Furudate Haruichi, iliyotoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia 2012 hadi 2020, juzuu 45. Wengi wanaipendea Hinata, yule mfupi anayeruka. Mimi kila nikirudi nakwama kwa Kageyama Tobio, seta, yaani yule anayewatengea wapigaji mpira. Kijana kapewa mikono ya ajabu, anautuma mpira popote anapotaka, na anajijua. Kabla ya sekondari ya juu, akiwa shule ya Kitagawa Daiichi, kazi yake ilikuwa kuwafokea wenzake: kimbia zaidi, ruka zaidi, fuata mpira wangu. Wakambandika jina, "Mfalme wa Uwanja", na halikuwa la sifa. Fainali ya mkoa, akatenga mpira kwa kasi yake ileile, akageuka aone smashi. Hakuna aliyeruka. Mpira ukadondoka sakafuni, kocha akamtoa nje.

Ukurasa ule huwa siupiti haraka, kwa sababu na mimi yalinikuta.

Nilikuwa kidato cha tatu, timu ya wasichana, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ngazi ya wilaya. Uwanja wa vumbi, mistari imechorwa kwa majivu. Nilikuwa seta mzuri na kila mtu alishaniambia hivyo, kuanzia mwalimu mpaka mama muuza maandazi wa getini. Mpigaji wangu wa kushoto akichelewa namgeukia palepale, mbele ya watu: "We, miguu umeiacha bwenini?" Seti ya pili pointi zikiwa sawa, pasi ya kwanza ikaja safi, nikamtengea mpira mzuri kuliko wote niliowahi kutenga. Namwona mpaka leo: kasimama, mikono kiunoni, ananitazama mimi wala si mpira. Mpira ukatua, kivumbi kikapanda kidogo, ukadunda mara mbili, ukabingirika hadi miguuni kwa mwamuzi wa mstari. Timu nzima kimya. Baadaye nikaja kujua walikubaliana usiku, bwenini, taa zikiwa zimeshazimwa.

Nilimwambia mwalimu kwamba wale ni wavivu. Nililiamini hilo miaka miwili mizima.

Chuoni nikapata mpigaji anayetumia mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza tu akanisimamisha baada ya mazoezi, akasema kwa upole kabisa: "Dada, hujawahi kuniuliza napenda mpira uje wapi." Kweli sikuwahi. Si yeye tu, sikuwahi kumuuliza mtu yeyote tangu nianze kucheza.

Ndipo nilipokielewa kile kisa cha Kageyama kumfuata Oikawa. Oikawa ni seta aliyemtangulia shule ya zamani, sasa ni mpinzani, na wala hampendi. Kageyama anamwinamia kabisa kumwomba ushauri, maana Hinata, mpigaji wake wa shule mpya, Karasuno, amekataa kuendelea kupiga akiwa amefumba macho, anataka aone na achague mwenyewe. Jibu la Oikawa, kwa maneno yangu, ni hili: umewahi kujitahidi kumpa yule mfupi mpira anaoutaka yeye? Basi Kageyama anarudi, anapanga chupa za maji uwanjani, anaanza kuzilenga. Mpira usipite kwa kasi kama zamani. Ufike juu, utulie kidogo pale mkono wa Hinata utakapokuwa, ndipo uanguke. Anarudia na kurudia. Kiburi chake hakikwenda popote, kilipata tu kazi ngumu zaidi.

Sasa na nyie. Aliyewahi kuwa mfalme wa namna hii, mchezo wowote ule, aje atueleze. Na aliyewahi kukataa kuruka, naye aje.

---

Ringi ya Mtaa

Asante kwa mada, dada. Mimi ni wa kikapu, Mombasa, na manga yangu ni Slam Dunk ya Inoue Takehiko (1990 hadi 1996). Umemtaja Kageyama, mimi nitamtaja Rukawa, nyota wa timu ya Shohoku. Mechi ya mwisho dhidi ya timu ya Sanno anakutana na Sawakita, mtu anayemzidi kila kitu. Rukawa tuliyemzoea angeendelea kumvaa peke yake mpaka filimbi ya mwisho. Safari hii anatoa pasi. Sawakita hakuitegemea kabisa, na kuanzia hapo haelewi tena kama Rukawa ataingia au atatoa. Sekunde za mwisho kabisa pasi inakwenda kwa Sakuragi, mwenzake wa timu ambaye wamechukiana manga nzima. Shohoku 79, Sanno 78.

Mimi nilikuwa sitoi pasi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mimi nikirusha kuna nafasi kubwa, huyu akirusha kuna nafasi ndogo, kwa nini nimpe? Siku moja jamaa mmoja mkubwa, fundi wa magari, tulikuwa tukicheza naye jioni, akaniambia: "Wewe ni rahisi kukukaba. Nikishakukaba wewe, nimekaba watu watano." Nilikasirika nikaondoka. Kesho yake nikarudi, nikatoa pasi tatu mfululizo, ya nne nikaingia mwenyewe na yule jamaa alikuwa ameshageukia upande mwingine.

---

Mwalimu wa Michezo

Nimekuwa mwalimu wa michezo sekondari kwa muda mrefu, naomba niseme kwa upande wetu, kwa sababu hapo kwenye kumtoa nje mimi ninahusika.

Niliwahi kuwa na kijana wa aina hii. Seta, kidato cha nne, kipaji kikubwa, mdomo mkali. Nilimweka benchi mechi nzima bila kumwambia neno, nikidhani ameelewa. Alichoelewa ni kwamba mwalimu naye yuko upande wa wale wanaomwonea. Kocha wa Kitagawa Daiichi alifanya hivyohivyo, akamtoa, na jeraha lile Kageyama alikwenda nalo mpaka Karasuno.

Angalieni tofauti ya Karasuno. Na huko pia aliwahi kutolewa, mechi dhidi ya Aoba Johsai, timu ya Oikawa, akaingia Sugawara wa mwaka wa tatu, ambaye nafasi yake ilichukuliwa na huyuhuyu mtoto. Sugawara si fundi kama Kageyama. Lakini anamjua kila mpigaji, anajua nani wa kuguswa bega na nani wa kupewa neno moja tu akaachwa. Kageyama akiwa nje anayaona yote hayo. Ile benchi ilikuwa darasa kwa sababu uwanjani palikuwa na mtu wa kumtazama.

Siku hizi nikimtoa mchezaji ninakaa naye. Namwambia: mtazame namba fulani, baada ya pointi tano uniambie anafanya nini ambacho wewe hukifanyi. Yule kijana wa kwanza sikumfanyia hivyo. Aliacha kucheza mwaka uleule, na hilo linanikaa moyoni.

---

Namba Sita

Samahani, mimi nakuja na kisa cha upande wa pili, maana naona wote tunakwenda njia moja.

Mimi nilinyenyekezwa mpaka nikaisha.

Nilikuwa mpigaji, naongea sana uwanjani, nadai mpira. Wakaniita "Madam". Kocha akaniambia nikiendelea na maringo hatanipanga. Basi nikanyamaza. Mpira ukija mbaya, nasema asante. Seta akininyima, naona sawa. Kila mtu akanisifu kwamba nimekua, nimekuwa mtoto mwenye adabu. Smashi zangu zikawa za kuogopa kukosea. Kuna mechi tuliyopoteza ambayo nilikuwa naliona pengo lao upande wa kulia tangu mwanzo, na sikusema, kwa kuhofia kuitwa Madam tena.

Ndiyo maana sehemu inayonigusa zaidi siyo ya chupa za maji. Ni pale Kageyama anapoitwa kambi ya vijana ya taifa, na Miya Atsumu, seta mwenzake, anamwambia kwamba uwanjani yeye ni mtoto mtiifu. Hakuwa anamsifu. Anarudi Karasuno lile neno linamchoma, na kwenye mechi ya mazoezi na shule ya Date Tech uvumilivu unamwishia, anafoka kama zamani. Halafu anashtuka mwenyewe. Unaona usoni anangoja yale ya Kitagawa Daiichi yajirudie, kwamba sasa wataniacha.

Hawamwachi. Wanamjibu. Wanamwonyesha kwamba anaruhusiwa kudai, na wao wanaruhusiwa kukataa na kubishana naye. Hinata anamvika taulo kichwani kama taji, kwa sababu yeye hajawahi kuona ubaya wa kuitwa mfalme. Jina lililokuwa tusi anarudishiwa na watu wanaobaki naye.

Nilisoma pale nikalia, sioni haya kusema. Mimi nilichokosa ni mtu mmoja tu wa kuniambia: dai mpira, nami nikiona unakosea nitakwambia.

---

Seta wa Tanga

@Namba Sita, dada yangu, nimesoma nikanyamaza kwanza. Mimi pale juu nimeandika kana kwamba kila mwenye kiburi anahitaji kushushwa. Umenifungua macho. Asante sana.

---

Udongo Mwekundu

Mimi mbio, Iten. Mtaniuliza mkimbiaji anamtengea nani mpira. Sikilizeni.

Tunakimbia kwa kundi, na kukaa mbele ni kwa zamu, kwa sababu wa mbele ndiye anayebeba mwendo na upepo. Mimi nilikuwa sishiki zamu. Nakaa nyuma ya migongo ya wenzangu, tukikaribia mwisho nachomoka, nawaacha wote, nafika nikiwa nimeweka mikono kichwani kana kwamba nimeshinda mbio za kweli. Kila asubuhi. Hakuna aliyenigombeza.

Siku moja nikafika pale tunapokutana, saa kumi na mbili kamili kama kawaida. Hapakuwa na mtu. Usiku mvua ilinyesha, barabara bado laini, nikaziona nyayo zao za viatu zimekwenda, nyingi, zimepangana vizuri. Walibadilisha saa na hawakuniambia.

Nilizifuata zile nyayo peke yangu, upepo wote wangu. Kesho yake nikaja mapema sana nikawangoja. Hatukuzungumza. Nikaenda mbele, nikakaa mbele kilomita nyingi kuliko zamu yangu, mpaka kijana mmoja akanipita, akanigusa mkono kunionyesha nirudi nyuma nipumzike.

---

Seta wa Tanga

Ndugu zangu, mmeandika vitu vizito, na @Udongo Mwekundu hizo nyayo zimeniganda kichwani. Naongeza mawili tu.

La kwanza ni babu. Sura za mwishoni ndizo zinazotuonyesha kwamba Kageyama alilelewa kimchezo na babu yake, Kazuyo, aliyekuwa akiifundisha timu ya wanawake, mtoto akimfuata kila mahali. Babu alimwahidi kwamba akiwa hodari, atatokea mtu hodari zaidi amfuate. Babu akafariki Tobio akiwa bado hajafika sekondari ya juu. Kwa hiyo wakati tunamwona anawafokea wenzake kule Kitagawa Daiichi, ni mtoto aliyempoteza mtu pekee aliyekuwa akikaa naye kuongea mpira. Sikulijua hilo niliposoma mara ya kwanza, nikamhukumu tu. Mara ya pili kila kelele yake niliisikia tofauti.

La pili. Baada ya kusoma visa vyenu jana usiku niliitafuta namba ya yule mpigaji wangu wa kushoto wa kidato cha tatu. Ana watoto wawili sasa, anaishi Morogoro. Nikamwomba radhi kwa yale ya miguu na bwenini. Alicheka, akasema alishasahau kitambo. Tukaongea mambo ya watoto, bei ya mchele, waalimu wetu. Tulipokuwa tunaagana nikamuuliza kama anakumbuka ule mpira wenyewe.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ulikuwa mzuri ule. Nusura niruke."