Mwanangu kabadilika tangu aumie kichwa. Ni ujana au ni ubongo? Naombeni ushauri

Mama K:
Wanajamvi, habari zenu. Kijana wangu ana miaka 15. Mwishoni mwa mwaka jana aligongwa na pikipiki, akapoteza fahamu, akalazwa. Picha ya CT ilionyesha damu kidogo imevilia sehemu ya mbele ya ubongo. Madaktari wakasema haihitaji upasuaji, baadaye akaruhusiwa. Mwili umepona, anatembea na kuongea vizuri tu.

Ila tabia siyo ya mtoto niliyemlea. Juzi mdogo wake alisogeza daftari lake mezani, akarusha kiti. Muda mfupi baadaye anauliza chakula kama kipo tayari, huku mdogo wake bado analia. Anatoa maneno ya aibu mbele ya wageni. Akianza kazi ya shule hamalizi. Baba yake anasema ni balehe, fimbo itamnyoosha. Mimi moyo unakataa. Nitatofautishaje?

Mzee wa Busara:
Pole mama. Wangu hajawahi kugongwa na chochote na milango inabamizwa kila siku. Umri huo una mambo yake, mpe muda.

Nesi Mstaafu:
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapa tusimwambie asubiri.

Mama K, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayotusaidia kujizuia, kupanga mambo na kupima matokeo kabla ya kutenda. Ndiyo pia inayochelewa kukomaa, huendelea kujengeka hadi kwenye miaka ya 20 na kitu. Sehemu za ndani zinazobeba hasira, hofu na raha zinatangulia. Kwa hiyo hata kijana mzima wa afya huwaka haraka na kupenda hatari. Wako kaumia palepale ambapo ujenzi ulikuwa unaendelea. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Cha kuangalia ni namna badiliko lilivyokuja. Ujana huingia taratibu, na kijana mara nyingi anajua kujidhibiti mbele ya rafiki zake au mtu anayemheshimu. Jeraha hubadili mtu ghafla, na tabia humtoka hata pale inapomharibia yeye mwenyewe. Wengi hawaoni kabisa kwamba wamebadilika. Hilo la kuuliza chakula wakati mdogo wake analia, usilichukulie kuwa ni roho mbaya.

Fundi Mitambo:
Niliumia kichwa nikiwa mtu mzima. Kitu ambacho ndugu hawakukielewa ni uchovu. Siyo usingizi, ni kichwa kugoma. Kelele za redio, watu wawili wakiongea kwa pamoja, taa kali, nilikuwa nalipuka. Nikilala mchana kidogo, jioni naongea na watu vizuri. Mama, angalia ni saa ngapi anarusha viti. Ukikuta ni jioni baada ya shule, umepata pa kuanzia.

Msomaji Sana:
Kuna kisa maarufu cha Phineas Gage, msimamizi wa kazi za reli huko Vermont, Marekani. Mwaka 1848 baruti ililipuka, fimbo ya chuma ikapenya shavuni na kutokea juu ya kichwa. Alipona, lakini daktari wake Harlow aliandika kwamba waliomfahamu walimwona si Gage tena: matusi, kukosa subira, mipango isiyokamilika. Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, na mimi naona si haki. Baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi ya ratiba na umakini. Utaratibu wa kila siku huenda ulimsaidia.

Mama K:
Nimesoma nikalia. Ni kweli, mara nyingi ni jioni. Na fimbo je? Baba yake ameshikilia hapo.

Nesi Mstaafu:
Fimbo hapana. Haiponyi jeraha, inaongeza hofu na hasira kwenye ubongo ambao breki zake zimelegea. Nenda naye baba kwa daktari wa mishipa ya fahamu, aisikie mwenyewe. Ombeni kijana apimwe na mwanasaikolojia wa mambo ya ubongo: kumbukumbu, umakini, kujizuia. Usikubali jibu la "picha ni safi", kwa sababu nyuzi za ubongo zinaweza kuumia na picha isionyeshe. Tezi iliyo chini ya ubongo nayo huweza kuathirika na kuvuruga homoni, iulizieni. Andika kila tukio, saa na kilichotangulia. Shule ipewe barua: kazi fupi fupi, maelekezo moja moja, mapumziko.

Akijitenga sana au akisema hataki kuishi, usingoje miadi. Vilevile kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akipata degedege au akiwa mzito kuamka, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mama K:
Asante sana, nimeanza kuandika leo. Swali la mwisho, anang'ang'ania kurudi kwenye timu ya mpira.

Nesi Mstaafu:
Asirudi mpaka daktari aruhusu kwa maandishi, na hata hapo asipige mpira kwa kichwa. Pigo jingine kwa sasa ni hatari. Kama anahitaji kutoa jasho, atembee au akimbie polepole na mtu mzima, daktari akiridhia.